Rupia ya dhahabu inayonata kwenye sumaku: nitoe milioni tatu?

Mzee wa Sarafu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge hapa Tabora mjini. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa reli. Alipofariki aliacha mkebe wa tumbaku wenye hela za zamani, bibi akautunza miaka yote. Bibi naye katutoka mwaka jana, na kwenye kugawana vitu ndugu zangu walisema mkebe nibaki nao mimi, kwa kuwa ndiye niliyemuuguza.

Ndani kuna sarafu moja ya fedha yenye Mzungu aliyevaa kofia ya chuma, juu ya kofia ndege. Imeandikwa GUILELMUS II IMPERATOR, nyuma ina simba na mti kama mnazi, mwaka 1890. Kuna nyingine kadhaa zenye tundu katikati, 10 HELLER. Kuna mbili za shaba ya njano, mbaya mbaya kama zimepigwa na nyundo, zina taji, D.O.A. na 1916. Na kuna moja kubwa ya mama mnene mwenye ushungi, 1780, ambayo bibi aliitoboa akawa anaivaa shingoni.

Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja kutoka mbali, kaletwa na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ana rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, ya Tabora ya 1916. Anataka nimpe mkebe wote na shilingi milioni tatu, yeye anipe hiyo ya dhahabu, halafu kuna mnunuzi Dar es Salaam atanipa milioni arobaini. Anasema wameokota chungu chenye sarafu kama hizo zaidi ya mia mbili. Picha za nyingine tatu alinionyesha kwenye simu, nikaomba anitumie.

Alitupima mbele ya macho yetu. Alitoa sumaku, sarafu yake ikaruka ikanata, akasema hiyo ndiyo alama ya rupia halisi, ina nguvu. Akamwaga mchele kwenye sahani, punje zikaifuata. Ya babu haikunata kabisa. Akasema hiyo ni feki, ila ataichukua hivyo hivyo kwa kunihurumia. Nilisisitiza twende wote kwa sonara jirani. Ya babu ilikuwa gramu 11.5. Yake gramu 3.8, upana milimita 22. Sonara akaguna. Yule bwana akasema dhahabu ya Mjerumani ni nyepesi kwa sababu ilichujwa sana.

Mume wangu anasita. Shemeji ananiambia naogopa utajiri. Yeye ndiye aliyechukua moja ya zile za D.O.A. akaisugua kwa limau na majivu, sasa inang'aa kama kitasa kipya. Je, ya babu ni feki kweli? Ya tembo nichukue? Na hii ya 1780, kwa umri huo, si ndiyo ghali kuliko zote? Nimekutumia picha.

Mama Vitenge, Tabora

*

Marahaba, mwanangu.

Usitoe hata shilingi, na mkebe usitoke nyumbani. Huyo bwana amewafanyia kipimo cha kweli kabisa, kisha akawasomea majibu kichwa chini miguu juu.

Dhahabu hainati kwenye sumaku. Fedha hainati. Shaba hainati, iwe nyekundu au ya njano. Rupia 15 ya Tabora ilipigwa kwa dhahabu ya sehemu 750 katika 1,000, na kilichobaki humo si chuma. Rupia ya 1890 ni fedha ya sehemu 917 katika 1,000, iliyobaki ni shaba. Hakuna hapo cha kuvutwa. Sarafu iliyoruka ikanata ina chuma tumboni, imepakwa tu rangi ya dhahabu juu. Kwa hiyo katika zile mbili zilizowekwa mezani, iliyofeli ni ya kwake, na aliyeifelisha ni yeye mwenyewe.

Ila nisikupe silaha nusu. Sumaku inajua kukataa, haijui kukubali. Risasi hainati, na feki nyingi za shaba ya njano hazinati vilevile. Sarafu ikinata, itupe. Isiponata, ndiyo kwanza kazi inaanza.

Na wewe kazi uliianza vizuri kwa kumburuta hadi kwa sonara. Rupia 15 halisi ina gramu 7.168 na upana wa kama milimita 22. Ya kwake ina upana huohuo lakini gramu 3.8, karibu nusu. Sarafu huisha kwa kushikwashikwa, hupoteza sehemu moja ya kumi ya gramu, sehemu mbili, hata sehemu tatu za kumi. Haipotezi nusu ya mwili wake ikabaki na mkonga wa tembo umesimama kama jana. Hayo maneno ya kuchujwa ndiyo yamenichekesha zaidi, maana ukichuja dhahabu unaondoa shaba na fedha iliyochanganyika nayo, ambazo ni nyepesi kuliko dhahabu yenyewe. Kadiri inavyochujwa, kipande cha ukubwa uleule kinazidi kuwa kizito. Sonara wako aliguna kwa sababu hilo analijua.

Hebu tuje kwenye chungu cha sarafu mia mbili, kwa kuwa hadithi yenyewe ni ya mji wako. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari na Waingereza, sarafu haziji tena kutoka Ulaya, na askari na vibarua wanataka kulipwa. Wakaanza kupiga za kwao katika karakana ya reli, hapo hapo Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, ambako leo ni mkoa wa Singida. Walipiga za dhahabu zaidi kidogo ya 16,000 tu. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji, na kazi ikaishia hapo. Sarafu hizi zinajulikana dunia nzima kwa wakusanyaji, na hulipiwa zaidi ya thamani ya dhahabu iliyomo, ambayo ni kama gramu 5.4. Kwa ajili hiyo ndiyo maana zinaigwa sana. Mtu mwenye mia mbili halisi hana haja na mkebe wako, wala hana haja na milioni tatu za muuza vitenge.

Picha zake tatu nimezikuza na kuzitazama kwa muda. Zote zina mkwaruzo mmoja kwenye sikio la tembo, mahali palepale, urefu uleule, na zote zina kitone kilichovimba karibu na mguu wa nyuma. Sarafu halisi zilizotoka kwenye muhuri mmoja, yaani kile chuma kinachozigonga chapa, zinaweza kushiriki kasoro ya muhuri, hilo lipo. Lakini mkwaruzo ulioingia ndani ni jeraha la maisha, sarafu inalipata mfukoni au sokoni, kila moja kwa wakati wake. Sarafu tatu haziwezi kujikwaruza mahali pamoja. Hapo mtu alichukua sarafu moja iliyokwishatumika, akaitengenezea muhuri au kalibu, na mkwaruzo wake ukarithiwa na watoto wote.

Ule mchele nao usikusumbue akili. Michezo hiyo huchezwa kwa unga wa chuma uliopakwa kwenye punje, pamoja na sumaku iliyofichwa. Ungempelekea mchele wa jikoni kwako, kwenye sahani yako, usingesogea. Habari za rupia inayovuta mchele zimewaliza watu India kwa miaka mingi, na huku kwetu zimekutana na zile hadithi za mali za Mjerumani ambazo kila mtoto wa Tabora amezikuta. Hakuna sarafu duniani, ya zamani au mpya, ambayo uhalisi wake hupimwa kwa wali.

Sasa ya babu. Mimi naiona ni halisi, na nitakwambia kwa nini ili na mwingine akija kukuhurumia ujue la kumjibu.

Wajerumani walipoingia pwani walikuta watu wanahesabu kwa rupia ya India. Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoa sarafu mwaka 1890, ilifuata uzito na ubora wa ile ya India ili ipokelewe sokoni bila ubishi: gramu 11.66, fedha 917. Yako ina 11.5. Kwa sarafu iliyopita mikono mingi kabla ya kuingia kwenye mkebe, huo ndio uzito ninaoutarajia. Ingekuwa 9 au 13 ningekuambia mengine.

Halafu pande zake mbili zinapatana. Simba na mti ni nembo ya ile Kampuni, na rupia zenye nembo hiyo zinaishia 1902. Baada ya hapo serikali ya koloni ilichukua kazi ya kutoa sarafu mikononi mwake, na kuanzia 1904 upande huo unaandikwa thamani na jina la koloni, bila Kampuni, na rupia ikaanza kugawanywa kwa sehemu 100 zinazoitwa heller badala ya sehemu 64 zilizoitwa pesa. Watengeneza feki wengi hawajui hili, au hawajali. Unaweza kukuta nembo ya Kampuni na mwaka 1910, au rupia 2 ya mwaka wowote uliomjia mtu kichwani, wakati rupia 2 zilipigwa 1893 na 1894 tu. Mwaka usiopatana na nembo ni sababu tosha ya kuondoka, hata mizani usiitafute.

Kilichobaki ni maji na ukingo. Rudi kwa yule sonara, ana mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Mwambie aweke glasi ya maji juu ya mizani, aisawazishe isome sifuri, kisha aifunge sarafu kwa uzi mwembamba na kuining'iniza ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Mizani itasoma ujazo wa sarafu. Kwa fedha ya aina hii yenye gramu 11.5, inatakiwa isome karibu 1.1. Ikisoma 1.3 au zaidi, hiyo ni metali nyingine nyeupe iliyojifanya fedha. Kipimo hiki hakikwaruzi chochote. Usikubali kabisa aisugue kwenye jiwe au kuidondoshea tindikali. Kwa mkufu wa kuyeyushwa hilo ni sawa, kwa sarafu ya kuhifadhiwa ni kovu. Kama kuna mnunuzi wa dhahabu soko la madini mwenye mashine ya mionzi, hiyo nayo husoma bila kuumiza, ila inasoma ngozi ya juu tu. Kitu kilichopakwa kwa unene kinaweza kuidanganya, kwa hiyo mizani na maji vibaki palepale.

Ukingo ukague kwa kioo cha kukuzia, taratibu, mzunguko mzima. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi ina mshono katikati ya ukingo, au alama ya tupa iliyotumika kuuficha. Usoni huwa na vipovu vidogo, na herufi zake zimelainika kama zimeloa. Kwenye sarafu iliyopigwa, herufi husimama zikiwa na kona, hata pale zilipolika.

Zile za tundu za heller 10 ni hela za kawaida za siku zile, zilitolewa nyingi na leo si ghali. Sijaona sababu ya mtu kuhangaika kuzighushi. Weka.

Zile mbili za D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani), ambazo ni heller 20, ndizo ninazozipenda kwenye mkebe huu, pengine kuliko ya fedha. Ni ndugu wa ile ya tembo, zimetoka karakana ileile mwaka uleule, na ile herufi T chini ya mwaka ni ya Tabora. Umesema ni mbaya mbaya. Ndivyo zinavyopaswa kuwa. Zilipigwa na mafundi wa reli kwa vyuma chakavu vya shaba, kwa haraka ya vita, duara haliko sawa, uzito hautulii, na herufi nyingine zimelala. Kwenye rupia iliyopigwa Berlin sura hiyo ingenitia wasiwasi, kwenye heller 20 ya Tabora inanipa amani. Ningeletewa moja nyororo, duara kamili, herufi zote zimesimama kama jeshi, hapo ndipo ningevaa miwani. Na babu yako akiwa mtu wa reli, si ajabu zilimfikia, ingawa habari ya ukoo haihesabiki kama kipimo. Zilitolewa kwa wingi, kwa hiyo usiote nyumba ya ghorofa, lakini wanaozitaka wapo.

Ndiyo maana limau la shemeji limeniuma. Ile rangi ya kahawia iliyotulia juu ya shaba imechukua miaka mia moja kujengeka, na kwa mnunuzi anayejua ni sehemu ya sarafu. Ikishasuguliwa hairudi, na bei inashuka sana, mara nyingine hadi nusu au chini yake. Zaidi ya hapo, sarafu ya kale inayong'aa huanza kutiliwa shaka hata kama ni halisi. Limau lirudi kwenye samaki. Nyingine yote iliyomo humo isiguswe kwa maji, sabuni, dawa ya meno wala kitambaa.

Tuje kwa mama mnene. Huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, na sarafu yake ndiyo riale waliyoitumia wazee wetu wa pwani, na wafanyabiashara wa Uhabeshi, Yemeni na Omani. Unauliza kama kwa umri wa 1780 si ndiyo ghali kuliko zote. Hapa pana jambo ambalo huwachanganya hata madalali. Maria Theresa alifariki mwishoni mwa 1780. Lakini wafanyabiashara wa upande wetu wa dunia walikuwa wameizoea sura yake, hawakutaka nyingine. Basi Wiena ikaendelea kupiga zilezile, na mwaka uleule 1780 juu yake, karne nzima na zaidi, hata leo bado. Katika karne ya 20 zilipigwa pia Rumi, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham, zote 1780. Kwa hiyo riale inaweza kuwa halali kabisa, fedha kamili, imetoka kiwandani inakostahili kutoka, na bado ikawa na umri mdogo kuliko bibi yako. Hiyo si feki. Ila pia si sarafu ya karne ya 18 kwa sababu tu imeandikwa hivyo. Kujua imepigwa wapi na lini ni kazi ya kulinganisha vitu vidogo vidogo, manyoya ya tai, kishikizo cha begani, nukta, na wapo watu waliotumia maisha yao kwa hilo tu.

Feki zake za kweli nazo zipo, za risasi na za shaba iliyopakwa. Kutambua hizo ni rahisi kidogo. Halisi ina gramu 28.07, fedha ya sehemu 833 katika 1,000, upana wa kama sentimita nne, na ukingoni, si usoni, pameandikwa kwa herufi zilizoinuka: IUSTITIA ET CLEMENTIA. Huko ukingoni ndiko waghushi wengi huchoka. Ya bibi imetobolewa, kwa hiyo itapungua uzito kidogo, usishtuke ukikuta 27 na pointi. Tundu linapunguza bei kwa mkusanyaji. Fedha iliyomo, kama gramu 23, haikwenda popote. Lakini iliyokaa kifuani kwa bibi yako miaka yote hiyo, mimi nisingeiuza, na hapo sisemi kama mtu wa sarafu.

Kuhusu kuuza nyingine, zungumza kwanza na ndugu zako. Walikuachia mkebe wakidhani ni kumbukumbu. Wakija kusikia baadaye kwamba ndani mlikuwa na cha kuuzika, watasema ulijua. Wapigie leo, uwatumie picha hizi hizi, mkubaliane mapema ni za nani. Kisha tenganisha kila sarafu kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi kavu, andika kwa nje alichosimulia bibi, na usizifunge kwenye nailoni laini, baadhi hutoa kemikali zinazoacha utando wa kijani. Piga picha pande mbili na ukingo, na uandike uzito. Bei ya kulinganisha ni ile ambayo sarafu kama hiyo imeuzwa kweli mnadani. Bei aliyoandika mwenye kuuza ni ndoto yake. Na ikitokea mnunuzi wa nje ya nchi, kabla ya kutuma chochote ulizeni idara ya serikali inayoshughulikia mambo ya kale au makumbusho kama inaruhusiwa kutoka na kwa kibali gani.

Yule bwana akirudi, msijibizane naye. Namba yake ya simu, picha alizokutumia na jina analotumia vipelekeni kituo cha polisi, mwende wewe na mumeo pamoja. Shemeji msimhukumu bado. Inawezekana ni dalali mwenza, lakini inawezekana pia ameahidiwa fungu lake na ameshatoa fedha zake mwenyewe. Mumeo amuulize hilo faraghani, kwa sauti ya chini, kwani kama ametoa, kila siku inayopita anaweza kuwa anaongeza.

Katika picha ulizonitumia ukingo wa riale hauonekani, na ile D.O.A. isiyooshwa umeipiga upande mmoja tu. Zipige tena mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, uniandikie na uzito wa kila moja.

Mzee wa Sarafu